Karatasi Iliyolingana Mno

Harufu ya uji wa pilipili manga ikinikuta popote, hunirudisha kwenye baraza ya nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, Ramadhani ya mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili. Wenzangu husema harufu ya chakula cha kwao huwaamshia njaa. Mimi huniamshia aibu. Nafanya kazi Dar es Salaam, katika chumba chenye kiyoyozi, na kazi yangu ni kukokotoa njia za setilaiti zinazozunguka chini chini, pale hewa ya dunia inapokaribia kwisha, ili ijulikane zitashuka lini. Ni kazi ya heshima, na mama yangu huitaja harusini bila kuulizwa. Lakini kila Ramadhani, jirani yangu wa ofisini anapofungua chupa yake ya uji jioni na harufu ikapanda, vidole vyangu husita, kwa sababu najua kazi hii niliianzaje.

Nyumba yetu ilikuwa barabara ya tisa, nyumba ya ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na baraza ya saruji mbele iliyong'arishwa na makalio ya vizazi vitatu. Tulikaa mimi, mama, na Bibi aliyemzaa baba. Ng'ambo ya barabara, hatua zisizofika ishirini, ilikuwa nyumba ya kina Riziki, rafiki yangu tuliyefundishwa naye alifu na be kwenye mkeka mmoja. Ramadhani ilipoingia, kuanzia alasiri barabara yote ilinuka nazi, iliki na mafuta ya kaimati, na watoto tulipishana na sahani zilizofunikwa kawa. Bibi akipeleka mihogo ya nazi kwa kina Riziki, sahani ile hurudi na kaimati au kipande cha samaki wa kupaka. Sahani ya futari haikurudi tupu, na mtoto aliyeirudisha tupu aliulizwa kama amekula njiani. Mimi niliwahi kuulizwa, na nilikuwa nimekula njiani.

Wiki moja kabla ya mfungo alikuja shuleni kwetu Dada Salma, binti wa muuza baiskeli wa barabara ya kumi na mbili, ambaye alikuwa akisoma ng'ambo. Tulidhani amekuja kutuhimiza tusome, kama wanavyofanya wageni wote. Badala yake alichora mpira ubaoni, akauzungushia duara lililokaribia kuugusa, akasema kwenye duara lile kuna chombo kilichorushwa zamani kupiga picha za ardhi. Sasa kimekufa, hakisikii amri ya mtu, lakini bado kinazunguka, na sisi tukishafunikwa na giza la magharibi, chenyewe huko juu bado kinapigwa na jua, kwa hiyo huonekana kama nyota inayotembea. Akasema huko kinakopita watu hudhani hakuna hewa, kumbe ipo, nyembamba mno, na jua likichafuka hewa hiyo huvimba na kukikwaza zaidi. Alichotaka kujua yeye ni kinakwazwa kiasi gani. Kwa hilo alihitaji macho ya watu katika miji mingi, waandike sekunde ambayo chombo kinapita kando ya nyota fulani. Nilikuwa sijui kama mtu anaweza kusomea jambo kama hilo, na siku ile ile nikaamua na mimi nitalisomea.

Mwalimu Kombo, mwalimu wetu wa sayansi, alichagua wawili. Mimi kwa sababu ya hesabu, Riziki kwa sababu ya macho. Riziki alikuwa na macho ambayo mama yake aliyatumia kutafuta sindano iliyoanguka mchangani. Dada Salma alitupa kila mmoja saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, mchoro wa nyota, na karatasi yenye mistari ya kujaza. Alitufundisha kurekebisha saa kwa mlio wa redio wa saa moja kamili. Mwisho akatupa jedwali lililochapwa, lenye nyakati ambazo chombo kilitarajiwa kupita katika jioni kumi na nne za mwezi ule. "Hili ni la kuwajulisha mtoke nje saa ngapi," alisema. "Si la kunakili. Andikeni mlichokiona, hata kama kinaniudhi." Kisha akasafiri kurudi masomoni, na karatasi zetu angetumiwa na Mwalimu Kombo mwezi ukiisha.

Jioni ya kwanza nilikiona. Naapa nilikiona, na sijawahi kuona kitu kilichonifurahisha vile. Kilitokea upande wa kusini, juu ya paa la bati la msikiti wetu mdogo, kikapanda kimya kimya bila kumetameta, na mimi nikakaa na kalamu mdomoni mpaka Bibi akaniuliza kama nimepagawa. Jioni ya pili pia nilikiona. Tatizo lilikuwa saa yake. Chombo kile, wanasayansi wasamehewe, kilipita karibu na saa moja jioni, wakati watu wameshafungua kwa tende na maji, wameswali magharibi, na sasa ndipo sinia linawekwa mkekani. Kwetu walikuwepo pia binamu zangu wanne waliokuja kufunga na Bibi, na binamu hawa hawakuwa na adabu na kaimati. Jioni ya tatu nilisema nitakula mbili tu kisha nitoke. Nilipotoka, mbingu ilikuwa na nyota zake zilizotulia na Riziki alikuwa anafunga daftari lake. Nilirudi ndani, nikatazama jedwali, nikaandika wakati ule ule uliochapwa. Halafu, kwa kuwa nilikuwa hodari wa hesabu, niliongeza sekunde mbili ili ionekane ni kazi ya binadamu.

Baada ya hapo sikutoka tena. Sitajitetea kwa njaa, kwa sababu nilipokuwa nikiandika nilikuwa nimeshiba. Nilikaa kwenye taa ya ukumbini nikipunguza sekunde moja hapa, nikiongeza tatu pale, na nilijiona mjanja. Ng'ambo ya barabara, Riziki alikaa barazani mwao kila jioni ya jedwali, kokwa ya tende shavuni, kikombe cha uji kikipoa pembeni, huku kaka zake wakimaliza fungu lake ndani. Niliweza kumwona kupitia mlangoni. Kila nilipomwona nilijisogeza kidogo ukumbini ili yeye asinione.

Kama katikati ya mwezi hivi alinijia tukiwa njiani kutoka madrasa. "Zena," alisema, "chako chapita saa ngapi?"

"Kama jedwali," nikamwambia.

"Changu chawahi. Mwanzo kiliwahi kidogo, sasa chazidi. Jana kimewahi sekunde ishirini na sita."

"Basi saa yako mbovu weye."

Aliitazama saa yake kama mtu aliyeambiwa nduguye mwizi. Jioni ile alikuja kwetu kusikiliza redio ya Bibi, kwa sababu ya kwao alishaitilia shaka. Alirekebisha saa kwa mlio, akarudi barazani, na kesho yake akaniambia bado kinawahi. Nikamwambia labda anakosea nyota. Akaenda kujifunza upya mchoro wote. Nikamwambia labda macho yanamcheza kwa saumu. Nilimvua saa yake, kisha nyota zake, kisha macho yake, na yote hayo niliyafanya kwa sauti ya rafiki anayesaidia. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi peke yangu katika Tanga nzima nilijua kwamba karatasi iliyokuwa ikimpinga Riziki haikuandikwa chini ya mbingu.

Mfungo wa ishirini na nane Mwalimu Kombo alituita barazani kwake. Alikuwa mtu wa Pemba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na nataka ieleweke kwamba hakuwa mtu mbaya. Aliziweka karatasi mbili kandokando ya jedwali, akapitisha kalamu nyekundu mstari kwa mstari. Yangu ililingana. Ya Riziki ilianza karibu na jedwali, kisha ikaliacha, mwisho ikawa imewahi kwa sekunde hamsini na mbili. Mwalimu alivua miwani. Alisema kwa upole kwamba Dada Salma mwenyewe alieleza kuwa hewa inakikwaza chombo. "Anayeendesha baiskeli akiukabili upepo huchelewa kufika, sasa wewe Riziki chombo chako kinakwazwa kisha kinawahi? Kama ungesema kimechelewa ningekuamini." Riziki alisema hajui kwa nini, ila ndivyo alivyoona. Mwalimu akanigeukia.

"Zena, na wewe ulikaa nje jioni zote hizi?"

"Nilikaa, Mwalimu."

"Ulikiona?"

"Nilikiona."

Nilikuwa nimefunga. Mdomo wangu ulikuwa mkavu kwa ibada, na nikautumia kusema hayo. Riziki hakunishtaki. Alinitazama tu, akangoja, akiamini nitaongeza neno. Mwalimu alipiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe ya karatasi yake, akasema njia ya mwongo ni fupi, na akaweka yangu peke yake ndani ya bahasha.

Kesho yake ilikuwa jioni ya ishirini na tisa, jioni ya kuandama mwezi. Watu wa mtaa wetu walikuwa na desturi ya kwenda kwenye kiwanja kilichokuwa wazi upande wa magharibi, ambako siku isiyo na ukungu milima ya Usambara huonekana kwa mbali. Wazee walisimama mbele, wanawake na watoto nyuma. Bibi alinifundisha mambo ya mwezi tangu nikiwa mdogo: ukiuona sema umeuona, hukuuona sema hukuuona, kwa kuwa watu watakula au watafunga kwa ulimi wako. Jioni ile kulikuwa na wingu refu limelala juu ya milima. Tulitazama mpaka shingo zikauma. Kisha Riziki, aliyesimama mbele yangu kidogo, alinyoosha mkono.

"Ule pale," alisema. "Juu ya wingu, kushoto kwa mnazi uliokatika kichwa."

Watu wachache waligeuka. Mwalimu Kombo aliyekuwa kati ya wazee aliuliza ni nani huyo, akaambiwa, akatikisa kichwa. "Mtoto huyu na mambo yake ya angani," alisema, si kwa ukali. "Jana ametuletea chombo kinachowahi." Watu wakacheka, na waliokuwa wamenyoosha shingo wakazirudisha.

Mimi nilifuata kidole chake. Na niliuona. Ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa, umelala juu ya ukingo wa wingu, umekaa pale pale alipoelekeza. Bibi aliinama, macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, akaninong'oneza, "Zena, mjukuu wangu, weye wauona?" Nilijua wataniamini. Karatasi yangu ilikuwa ndani ya bahasha, mimi ndiye mtoto mkweli wa mtaa. Ningesema neno moja, wazee wangeufuata mkono wangu. Lakini niliwaza kwa kasi, kama ninavyowaza mpaka leo nikiwa mbele ya hesabu: nikisema Riziki ameona kweli leo, kuna mtu atauliza kama hakuona kweli na jioni zile za jedwali, na Mwalimu atafungua bahasha.

"Siuoni, Bibi," nikasema.

Wingu lilipanda likaufunika. Tukarudi nyumbani, tukaswali tarawehe, tukala daku, tukaamka tumefunga. Saa nne asubuhi redio ikatangaza kwamba mwezi umeandama katika miji kadhaa usiku uliopita na leo ni Idd. Sijawahi kuona fujo ile tena. Watu walifungua saumu kwa maji ya bomba, mafundi nguo walikimbiliwa, swala ya Idd ikaswaliwa kwa haraka jua likiwa kali. Bibi alikaa kwenye kiti chake akirudia kusema tumefunga siku ya Idd, siku ambayo kufunga ni haramu, na kila alipolisema nilitafuta kazi ya kufanya chumba kingine. Kuhusu Riziki, watu walisema amebahatisha.

Mchana Bibi alinipa sahani ya pilau nipeleke kwa kina Riziki. Alinitazama muda mrefu kabla hajaiachia. Mama yake Riziki aliipokea mlangoni akanibariki. Jioni Riziki mwenyewe aliirudisha. Aliniwekea mkononi, akaondoka. Nilipofunua kawa, sahani ilikuwa imeoshwa, imekauka, tupu.

Mtaa haukuwa na ubaya, ila mtaa una mzaha, na mzaha hauna breki. Kuanzia Idd ile, mtu akisimulia jambo lisiloaminika aliambiwa, "Hiyo umeitoa kwa Riziki wa setilaiti." Baadaye wakafupisha, wakamwita Setilaiti. Alipokuwa darasani akinyoosha mkono, kuna aliyenong'ona jina hilo, na baada ya muda mkono haukupanda tena. Sisemi alikatisha masomo kwa sababu yangu. Baba yake aliugua, mambo yakawa mengi, wapo wengi waliokatisha mwaka ule. Lakini nilikaa naye dawati moja, na nilimwona akizoea kunyamaza. Mimi nilisifiwa mstarini mbele ya shule nzima. Mwalimu Kombo aliniandikia barua nzuri, barua ikanifungulia mlango wa shule ya sayansi, na mlango ule ukafungua mingine.

Nilikuwa chuo kikuu, mwaka wa pili, mhadhiri alipotufundisha jambo linaloshangaza kila anayelisikia mara ya kwanza. Kitu kinachozunguka dunia chini chini kikikwazwa na hewa, hakichelewi. Kinashuka. Na kikishuka, duara lake linakuwa fupi na mwendo wake unaongezeka, kama mkimbiaji aliyeingia mstari wa ndani wa kiwanja, kwa hiyo kinafika kabla ya wakati uliotarajiwa. Wenzangu walicheka kwa mshangao wakaandika. Mimi nilishika meza. Nilianza kuzihesabu kichwani: kwanza kidogo, halafu ishirini na sita, halafu hamsini na mbili. Zilikua vile vile ambavyo milinganyo ubaoni ilisema zitakua. Msichana mwenye njaa, amekaa barazani na kokwa ya tende, alikuwa amepima hewa ya mbinguni, na mimi nilimwambia saa yake mbovu.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana na Dada Salma, sasa daktari wa falsafa mwenye mvi, katika mkutano wa kikazi. Nilijikaza nikamuuliza kama anakumbuka karatasi ya Ngamiani. Alicheka. Alisema aliipokea, akaitazama dakika moja, akaitupa. "Ililingana mno," alisema. "Jedwali limetengenezwa kabla ya mwezi kuanza, na mwezi ule jua lilichafuka vibaya. Hakuna kitu huko juu ambacho kingelitii. Nilijua mtoto amenakili. Nilikuwa nahitaji mtoto mmoja tu ambaye hakubaliani na jedwali, na Tanga sikumpata." Sikumwambia kwamba alikuwepo. Nilisema naenda kutafuta chai, nikaenda kusimama chooni.

Ramadhani iliyopita nilirudi Tanga kumwona mama. Bibi na Mwalimu Kombo wote wameshatangulia mbele ya haki, na Mwalimu alikufa akijisifu kwa jirani zake kuwa ndiye aliyenigundua. Jioni ya ishirini na tisa nilikwenda Makorora, ambako Riziki ameolewa na anashona nguo za kike kwenye kibaraza chake. Nilimkuta akimalizia gauni la Idd la mteja. Tulisalimiana vizuri, aliuliza habari za mama, akanivutia kiti. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Dar es Salaam. Yote yalinitoka kichwani, nikasema tu kwamba mwaka ule sikutoka nje, niliandika ndani, na kwamba sekunde zake zilikuwa sahihi zote, hata moja haikukosea. Nikamweleza kwa nini kiliwahi.

Hakusimamisha cherehani. "Najua hukutoka," alisema. "Baraza yenu nilikuwa naitazama. Nilikuwa naona kivuli chako ukutani."

"Mbona hukusema?"

"Ungesema weye. Nilingoja." Alikata uzi kwa meno. "Ila hilo la kuwahi sikujua. Miaka yote nimejua ni miye niliyekosea kitu."

Nilikuwa bado sijasema la mwezi, na hilo ndilo lililonileta jioni ile hasa. Nikamwambia niliuona, juu ya wingu, kushoto kwa mnazi uliokatika kichwa, Bibi akaniuliza nikasema siuoni. Hapo cherehani ilisimama. Riziki alinitazama kwa macho yale yale, sasa yana miwani ya kushonea.

Leo ninaweza kukuambia setilaiti iliyo hai itapita juu ya Tanga sekunde ipi. Chombo chetu cha utotoni kilishaungua zamani hewani, na karatasi iliyosema kweli juu yake ilichomwa pamoja na takataka za mwalimu. Sina cha kumrudishia mwenye nayo. Jioni ile pale kibarazani, jua lilikuwa limezama tukiwa tumekaa, na upande wa magharibi mbingu ilikuwa safi, haina wingu hata moja. Mtoto wake wa kike wa miaka minane hivi alitoka ndani mbio, akamvuta kanga. "Mama, watoto wote wanaenda kuangalia mwezi. Njoo utuonyeshe unakaa wapi."

"Nenda na baba yako," Riziki alimwambia, akiinama tena kwenye gauni. "Miye huwa siangalii. Miye nasubiri redio itangaze."